Picha Isiyotumika

Mafundi wa karakana ile ya samani walimwita Mama Tovuti, ingawa hakuwahi kuzaa mtoto wa jina hilo. Zamani alikuwa mshonaji wa mito ya makochi, na angekuwa kwenye cherehani mpaka leo kama siku moja asingepiga picha ya kochi kwa simu yake, ikapendeza, meneja akasema, "Basi tovuti utaishika wewe." Kupiga picha na kushika tovuti ni mambo mawili, kama kula na kupika, lakini meneja alikuwa keshageuka zake. Akajifunza mwenyewe, kwa kubonyeza hiki na kuogopa kile. Sasa alikuwa na meza kando ya stoo ya mbao, na kompyuta ambayo lazima aipulize vumbi kabla ya kuandika nywila.

Kilichomfaa katika kazi hiyo, na kilichokuja kumponza, ni udadisi. Mama Tovuti alikuwa hawezi kuona kitu kimefunikwa akakiacha kimefunikwa.

Asubuhi moja meneja alisimama mlangoni. "Picha za makabati mapya haziingii. Mfumo unasema nafasi imejaa. Futa zote zisizotumika."

Akafungua hifadhi ya picha. Mfumo wenyewe humsaidia mtu: picha isiyokuwa kwenye ukurasa wowote huandikwa chini yake "Haitumiki". Akafuta viti vya zamani, akafuta meza, akafuta picha safi kabisa ya kidole chake mwenyewe. Kisha akafika kwenye kabati la milango mitatu. Ukurasa wa kabati hilo ulishaondolewa walipoacha kulitengeneza, ila picha ilibaki. Nyuma ya kabati alionekana mzee asiyemjua, ameshika randa, ameinua uso, anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina.

Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye "Futa", lakini alikuwa na desturi ya kuchungulia takwimu kwanza. Picha ikitoka ukurasani, anwani yake hubaki hai, na mwenye kuijua anwani hiyo anaweza kuifungua moja kwa moja. Akachungulia. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akiifungua picha ile kila asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili, kimya.

"Haitumiki, nani kasema?" alijiuliza kwa sauti. Labda mshindani anaiba mchoro. Lakini ni mwizi gani anaiba kitu kilekile kila siku? Labda mashine tu ya mtandaoni. Haya, mashine gani hupumzika Jumapili?

Nyumbani alimweleza mumewe.

"Labda ni mtu anayependa makabati," mume alisema.

"Kila asubuhi?"

"Mbona mimi nakupenda kila asubuhi?"

"Na Jumapili?"

"Jumapili nalala, mke wangu."

Kesho yake akapata ujanja, na ujanja wenyewe ulimfurahisha mno. Aliandika kwenye karatasi kwa kalamu nene: "Wewe unayefungua picha hii, ni nani? Tupigie." Akaongeza namba ya simu, akaipiga picha karatasi, kisha akabonyeza "Badilisha". Anwani ikabaki ileile, kilichomo kikawa barua yake. Akaegemea kiti, akajiona bingwa.

Simu haikuchelewa. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Hapo ni karakana?"

"Ndiyo, karibu dada."

"Baba yangu mmempeleka wapi?"

Mwanamke akaeleza kwa haraka, kama anayeogopa simu itakatika. Yule mwenye randa alikuwa baba yake, fundi wa karakana hiyohiyo, na ameshafariki. Nyumbani ilibaki picha yake ya kitambulisho tu, amenuna. Ya kutabasamu ilikuwa hiyo peke yake.

"Pole sana, dada yangu. Lakini mbona hukuihifadhi kwenye simu yako?"

"Nikiihifadhi itakuwa picha ya marehemu. Huko kwenu yuko kazini. Kila nikienda kufungua saluni yangu namwona ameshaanza kazi, na mimi naanza yangu."

Mfumo wao ulikuwa hautunzi cha zamani: ukibadilisha, umebadilisha. Aliyeiweka picha ile alishaacha kazi kabla yake, na hakuna aliyejua aliko. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa ameshaketi mapajani.

"Nipe nafasi kidogo," alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa. Nitamtafuta."

Akairudia hifadhi, aone aibu yake kwa karibu. Hapo akashtuka. Katika orodha ya picha, kale kapicha kadogo kalikuwa bado kanamwonyesha mzee. Akikabonyeza, inafunguka karatasi. Akirudi kwenye orodha, mzee yupo. Kwa nini? Akapekua mpaka akaelewa. Picha ikiingia, mfumo huikatia nakala ndogo ndogo, za orodha na za kuonekana kwenye simu. Yeye alibadilisha ile kubwa tu. Kulikuwa na kitufe cha kutengeneza nakala upya, na kwa bahati hakukigusa. Akaichukua nakala ya simu kwa pumzi moja, akairudisha pale karatasi ilipokuwa.

Halafu, ili asije mtu mwingine akaambiwa "Haitumiki", akaiweka kwenye ukurasa wa "Karakana Yetu".

Meneja aliiona. "Kabati hilo si hatuuzi tena?"

"Sikuweka kabati, bosi. Nimeweka fundi."

Meneja aliitazama kidogo, akarudi kwenye makabati yake mapya.

Mama Tovuti akapiga simu. "Fungua sasa, dada. Amefifia kidogo, unisamehe."

Ikasikika pumzi ndefu. "Ndiye. Hata hivyo humo karakanani kulikuwa na vumbi siku zote. Ahsante, mama."

Angekata simu hapo, angekuwa mtu mwingine. "Samahani, dada, nikuulize jambo moja tu, maana limeninyima usingizi. Mbona Jumapili hufungui?"

Mwanamke alicheka, kicheko chenye machozi ndani yake.

"Jumapili baba haendi kazini."