Klachi Tuliyoifunga Uani

Baba alistaafu ushonaji akiwa na macho mazima na mgongo mbovu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kununua gari la kuingilia kwa kujikunja. Gari la michezo, jekundu, milango miwili, gia za mkono, mtumba kutoka Japani. Majirani zetu wa Ilala walikuja kulitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, wakauliza kiti cha nyuma atakaa nani. Baba akajibu, mikoba. Mimi nililipenda siku hiyohiyo, na nasema wazi kwamba nilikuwa peke yangu.

Mama hakulipenda, lakini ugomvi wake haukuwa na gari lenyewe. Ulikuwa na gereji. Mtu wa mji huu hampi fundi gari akaenda zake. Ananunua spea mwenyewe Kariakoo, anaipeleka mwenyewe, kisha anaketi kwenye benchi macho kodo mpaka boliti ya mwisho ifungwe, maana akigeuka tu anaweza kuondoka na spea ya gari la mwingine. Fundi hanuni. Benchi lenyewe kaliweka yeye. Kwa hiyo kila gari lilipougua, Baba alihamia Buguruni. Jumamosi nzima yuko kule, anarudi Isha imeshaadhiniwa, ananuka grisi, ameshiba mihogo ya kukaanga na siasa za benchini, na Mama ameshakula peke yake.

Mwisho Mama akachoka. Alilisema mbele ya shangazi yangu, ambaye kwetu ni sawa na mahakama.

"Mume wangu, mengi nimevumilia, lakini ukewenza na gari siuwezi. Likirudi gereji mara moja tu, liuzwe."

Baba akakubali. Mnunuzi naye hakuwa mbali. Jirani yetu Mchaga, mwenye duka la jumla la vyombo Kariakoo, alikuwa kila asubuhi akipita getini analiamkia gari kwanza, ndipo anatuamkia sisi.

Basi klachi ikaanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele kama inakimbia, gari linajikokota. Ijumaa moja likagoma kabisa mbele ya geti, tukalisukuma mpaka uani. Baba alibaki ndani, mikono kwenye usukani. Hata siku aliyofunga cherehani yake kwa mara ya mwisho sikumwona na uso ule. Nilimhurumia.

Nikainama dirishani. "Mama kasema likienda gereji. Uani si gereji."

Akanitazama. "Wewe unauza zipu na vifungo."

"Na wewe ulikuwa unavishona. Tutafungua, tutafunga."

Nilimpigia simu fundi wetu wa Buguruni, akacheka mpaka nikakata simu. Kisha akapiga mwenyewe, akanieleza taratibu kitu gani kinatangulia kipi, na akaniapisha kwamba hatutalala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukaazima stendi za chuma.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Nilivaa suruali kuukuu ya kaka yangu, wapangaji wetu wakapata cha kuchekea. Baba alifungua gari kama anavyofumua koti la mtu. Kila boliti aliyoitoa aliilaza juu ya shuka, kwa mpangilio wa mahali ilipotoka, na kwenye chuma akachora alama kwa chaki yake ya kushonea. Alikuwa akiimba. Akikwama anatukana kwa adabu, nami naingia uvunguni napapasa mpaka naipata ile boliti iliyojificha, tunapongezana kama tumefunga goli.

Gia boksi ni nzito. Tulipofika hapo ilibidi aje mwanamume mwenye kifua, na aliyekuja ni yuleyule jirani wa vyombo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au kukagua?"

"Vyote, Mzee."

Na alisaidia kwelikweli, akaishusha gia boksi kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mali yake. Nilimwambia hivyo. Akacheka, hakukana.

Alasiri nikaitia klachi iliyokufa kwenye mfuko, nikaenda nayo Kariakoo, kwenye mtaa wa spea. Huko huulizwi jina la gari, unaulizwa sampuli. Muuzaji akailaza ya zamani juu ya mpya, akahesabu meno ya katikati kwa kidole, akaguna, akarudisha, akaleta nyingine. "Hii hapa, dada. Mwambie mumeo aifunge vizuri." Nikamwambia nafunga mimi. Akaita wenzake waje kuniona. Nilifika nyumbani Magharibi, nikaiweka klachi sebuleni juu ya gazeti, mpya inang'aa, nikalala fofofo.

Jumapili tukafunga. Niliipachika mwenyewe, mikono yangu imejaa grisi toka kucha mpaka kiwiko, sikuona tofauti yoyote. Jirani akainyanyua tena gia boksi, ikakataa, ikakataa, ikaingia. Kwenye shuka haikubaki hata boliti moja. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni, kanga kiunoni, hajacheka wala hajanuna.

Baba akawasha. Akatia gia ya kwanza. Gari likasogea mpaka karibu na karo la kufulia, injini ikapiga kelele, likasimama. Akajaribu tena. Kelele ikazidi, gari halikwenda popote, na chini yake pakatoka moshi mwembamba wenye harufu tamu.

Jirani akanusa. "Nani anapika kashata?"

Baba alizima, akajikunjua kutoka kwenye gari polepole, akamwendea Mama akamwekea ufunguo mkononi. Alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

"Nimejaribu, mke wangu. Limeshinda. Mpe jirani."

Mama hakuuangalia ufunguo. Alikuwa ananusa. "Hiyo ni nazi," alisema.

"Nazi ya wapi ndani ya gari?" nikauliza.

Akakaza kanga kiunoni. "Ya kwangu. Lile duara lenu la chuma nililikuta sebuleni jana, limeachwa wazi na hewa hii ya chumvi. Nikalipaka mafuta ya nazi. Pande zote mbili."

Hajui klachi, lakini anajua chuma. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote kwa mbuzi ya kukunia, kwa kufuli la geti, kwa mkasi na cherehani ya Baba. Nyumba ya pwani ukiisahau siku chache inakuachia unga mwekundu. Ila klachi inashika kwa sababu ni kavu. Ukiipaka mafuta umeiambia iteleze.

Jirani alijishika mbavu. Mimi nilikuwa sijui nilie au nicheke. Baba alikuwa bado hajaelewa, au ameelewa anataka kusikia.

"Ulitaka liuzwe. Kutu yake inakuhusu nini?"

"Nilitaka ukae nyumbani," Mama alisema. "Toka jana nakusikia unaimba hapa uani. Nikipika nakusikia. Nikaona kifaa chako kitaoza, nikakipaka kidumu."

Akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akamgeukia jirani. "Jirani, samahani, haliuzwi. Lakini usiondoke, hiyo gia boksi inashuka tena, mafuta yangu yakafutwe."

Jirani alivua shati, analalamika, anacheka. Mama akaleta mkeka, akautandika karibu na tairi la mbele, akaketi na boksi la spana mapajani kama amepewa ungo wa mchele achambue. Baba akaingia uvunguni kwa mgongo wake mbovu. Nikamwona akinyoosha mkono.

"Nipe kumi na nne."

Mama akapekua, akampa kumi na saba. Nilifungua mdomo nimsahihishe, Baba akanisukuma kwa mguu kutoka uvunguni. Aliipokea ile spana, akasema ahsante, na kwa muda mrefu hakuomba nyingine.