Herufi za Juu ya Lango la Mkwe

Kaka yangu alikwenda Ujerumani kusoma, akarudi kwetu Maskati na habari kwamba anataka kuoa mtoto wa mkulima wa zabibu. Mama alikuwa keshampendekezea mabinti wa ami zetu wote, kawakataa. "Mchagua nazi hupata koroma," alimwambia. Kisha akauliza hizo zabibu wanazifanya nini, na kaka, hajui kusema uwongo masikini, akasema mvinyo. Astaghfirullah! Nyumba yetu ya mtaa wa Azaiba ilichafuka. Mama hataki kusikia, na kaka haoi bila ya radhi yake.

Basi baba wa msichana akaja mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya tisini hiyo. Tulimkaribisha kwa halua na kahawa. Pande la mtu, mikono imekakamaa, anajitahidi kukaa chini kama sisi na magoti hayakunjiki. Nilijiziba mdomo na mtandio nisicheke. Kaka ndiye aliyekuwa akitafsiri.

Kwetu posa haijibiwi watu hawajaulizana asili, kwa hiyo mama akauliza: nyinyi wa wapi, na hapo mmekaa tangu lini?

Mzee akachangamka. Kijiji chao njia moja tu na kanisa, chini ya mlima mkali hata mashine haipandi, zabibu wanazichuma kwa mkono. Zamani ilipita miaka ya baridi mbaya, mizabibu ikafa, na watu wengi wakapanda meli kwenda Amerika. Nyumba anayokaa yeye ni ya hao waliohama. Juu ya lango, kwenye jiwe, zimechongwa herufi za majina ya mume na mke walioijenga.

Mama akaweka kikombe chini. "Jamaa zake hao?"

"Hata hawajui," kaka akatafsiri.

"Na yeye hajazifuta?"

Mzee alimshangaa. Kwa nini azifute? Wao ndio waliojenga. Kila baridi ikiisha yeye hupanda ngazi akazisugua kwa brashi, zisifunikwe na kuvu.

Halafu mama akasema jambo ambalo sisi wanawe hatukuwahi kulisikia. Safari ile aliyorudi Unguja kutembea, alikwenda mpaka nyumba ya baba yake, waliyoiacha mwaka wa mapinduzi. Waliomo hawamjui, wakamkaribisha maji. Mlango ni ule ule wa nakshi, na pale juu, palipoandikwa jina la babu, pamepigwa randa.

"Nyumba sikuililia," alisema. "Watu wanataka pa kulala. Lakini jina! Jina la baba yangu liliwakera nini?"

Akalia. Mama yangu, ambaye Unguja huitaja kwa vyakula na harusi tu, alilia mbele ya mgeni wa kwanza kumjia na habari za mvinyo. Mimi roho iliniuma nikatamani kumkumbatia, nikaona haya. Kaka alitafsiri kwa shida, na mzee akainamisha kichwa.

Mama akajifuta uso kwa kanga. "Mwambie mvinyo wake nnauchukia vile vile, na wajukuu zangu asiwaonjeshe."

Mzee akakubali.

"Basi mwambie nna radhi."

Mimi ndiye niliyeuliza, "Mama, kweli?"

"Mtu anayewasugulia majina watu asiowajua," akanijibu, "mwanangu hatapotea kwake."