Maji Niliyokataa Kuyakana

Rafiki yangu, wiki jana nilipita mtaa wa Nyakabiga, nikakuta nyumba ya bibi yangu imegeuzwa duka la simu. Pale alipozoea kukaa akichagua maharagwe, sasa kuna kabati la vioo limejaa chaja. Nilisimama kidogo, nikaondoka kabla sijaulizwa nanunua nini.

Katika sebule ile darasa letu lilikutana kila Alhamisi jioni. Sisi Wamethodisti tuliliita darasa, ingawa hapakuwa na ubao wala chaki. Walikuwa majirani kumi na kitu, fundi cherehani, mwalimu, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kila mmoja aliulizwa roho yake inaendeleaje. Bibi ndiye aliyewaongoza. Palinukia chai ya tangawizi. Pombe haikuvuka mlango ule hata siku ya mahari, wajomba wanune wasinune. Alipenda kutueleza kwamba jina letu lilianza kama dhihaka, kule Uingereza, watu wakiwacheka vijana waliosali na kufunga kwa ratiba. Mhubiri wao alipofungiwa milango ya makanisa, alikwenda kuwahubiria wachimba makaa uwanjani. Bibi alilisimulia hilo kwa fahari, kana kwamba alikuwepo.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilitamani kuimba katika korali ya kanisa la jirani yetu. Walikuwa na gitaa, sare za buluu, na rafiki zangu wote walikuwa humo. Jirani huyo, mama mmoja mchangamfu, ndiye aliyeiongoza. Aliipenda sauti yangu, lakini akasema lazima kwanza nibatizwe upya kwa kuzamishwa ziwani. Nilibatizwa nikiwa mchanga, na mtoto mchanga haamini kitu. Kwa maneno yake, nililowanishwa tu.

Nilimwomba bibi ruhusa nikitarajia ugomvi. Hakugomba. Aliendelea na maharagwe yake, akanisimulia kwa mara ya kwanza nilivyobatizwa. Nilikuwa na wiki mbili, nachemka homa, na vita vimeingia, risasi zinalia mtaani hata kanisani hakuendeki. Mama yangu alikuwa amekata tamaa. Watu wa darasa walipenya nyuma ya nyua pamoja na mchungaji, wa kabila hili na lile, siku ambazo kuonekana pamoja tu kulitosha kukuponza. Mabomba yalikuwa makavu. Mama muuza ndagala alileta chupa ya maji aliyowawekea wanawe, yakamiminwa katika beseni la plastiki.

"We haukuamini kitu siku ile," bibi aliniambia. "Neema ya Mungu ndiyo ilitangulia. Enda kwenye ziwa kama unataka. Lakini wakikuuliza, sema kweli."

Jumamosi asubuhi nilipanga foleni ndani ya Ziwa Tanganyika, nimevaa kanzu nyeupe ya kuazima, maji kiunoni. Mchungaji wao, mtu mpole, alinishika bega akaniuliza kama naukana ubatizo wa utotoni, kwamba haukuwa kitu. Rafiki zangu walikuwa ufukweni, tayari kuimba. Nilimfikiria yule mama na chupa yake.

"Apana," nilisema. "Mi siwezi kuyakana yale maji."

Alidhani sikumwelewa, akarudia swali. Nikajibu vilevile, nikageuka nikatoka, kanzu ikinigandama miguuni. Hakuna aliyeimba. Korali niliikosa, na rafiki zangu wakaacha kunipitia asubuhi tukienda shule. Nililia, sikudanganyi. Bibi hakunisifu. Alinipakulia bugali na ndagala, akakaa kando yangu mpaka nikamaliza.

Sasa bibi hayupo. Wengi wa darasa wamekufa, wengine walikimbilia nchi za mbali, hawakurudi. Kanisani kuna vipaza sauti vikubwa, na mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila yeyote kumuuliza habari za roho yake. Hilo linaniuma kuliko nyumba iliyouzwa.

Mwezi uliopita nilijiunga na kikundi cha maombi kazini, nikajaza fomu. Dada aliyezipokea na kuzinakili daftarini aliitazama tarehe yangu ya ubatizo, akatabasamu.

"Hii si ni ya kitoto? Tuwekee ile ya ukubwani."

Nilimwambia sina nyingine na sitafuti nyingine.

"Andika hiyo hiyo, dada."

Akaiandika.