Waliomwagilia Redio

Mpaka leo nikisikia mwanamume akisifu redio za zamani, mkono unakwenda puani. Redio yenyewe haikuwa na makosa. Ilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa cheupe, juu ya meza ndani ya ukumbi wa lokesheni yetu, mtaa wa Waafrika pale Eldoret. Ninachokumbuka mimi ni nyuma ya ukumbi, ile kona, na ule mkojo.

Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Serikali ilituletea redio ili tupate habari za vita kwa Kiswahili. Juu ya paa palisimamishwa mti wa mkaratusi, na kutoka kwenye mti huo waya wa shaba ukavutwa mpaka nguzo nyingine ng'ambo ya uwanja, ili kunasa sauti kutoka Nairobi. Waya wa pili uliteremka ukutani, ukafungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya ukumbi. Fundi wa Kihindi aliyefanya kazi hiyo aliwaita wazee wa kamati akawaonyesha ile fimbo.

"Hapa udongo lazima nakaa maji kila siku," akawaambia. "Kama nakauka, Nairobi napotea."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa watu waliokuja kutoka magharibi kama sisi, makarani na wanyapara, watu wa koti na kanisa. Lakini bomba la maji lilikuwa kule chini langoni, na hakuna mzee wa kamati ambaye angekubali kuonekana amebeba debe. Hiyo ni kazi ya mwanamke. Kutuomba sisi wanawake tuwachotee hawakutaka, maana tungetaka na viti ndani ya ukumbi, na siku za salamu na habari sisi tulikuwa watu wa kusimama dirishani. Basi wakapata akili yao. Kila aliyetoka kilabuni na pombe ya busaa tumboni alipitia kwanza nyuma ya ukumbi. Wakaiita kazi hiyo kumwagilia redio. Walikuwa wakiulizana mlangoni, "Mzee, umeshamwagilia?" na wengine walijibana njia nzima ili wasimwage bure mahali pengine. Waliona wanajenga nchi.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikimsaidia mama kufua nguo za wazungu. Pua yangu ilizoea sabuni. Nilikuwa nikizunguka mbali ili nisipite kona ile, na bado harufu ilinifuata mpaka kitandani.

Kaka yangu alikuwa vitani Burma. Kabla ya kuandikwa jeshini alikaa nasi hapo hapo lokesheni, na mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Barua zilikuja, tukamsomea, lakini hazikumtuliza. "Barua mtu yeyote anaweza kuandika," alikuwa akisema. "Mimi nataka nisikie yeye." Kisha askari mmoja akarudi na mguu mbovu, akatuambia kwamba kule vitani walikuja watu na mashine, wakachukua sauti za vijana, na sauti hizo zingepigwa redioni katika salamu za Jumamosi. Kila kijana mara moja tu. Ya kaka yangu ilikuwa haijapigwa bado. Kuanzia siku hiyo mama hakufua Jumamosi jioni.

Na ndipo Nairobi ikaanza kupotea.

Kwanza sauti ilikuja na kwenda, halafu ikabaki mikwaruzo mitupu. Kamati ikakaa. Mmoja akasema ni mawingu ya kule milimani Timboroa, wakati ulikuwa kiangazi na mbingu nyeupe kabisa. Wakachukua betri ikachajiwe mjini, ikarudi, mikwaruzo ikawa ile ile, sasa kwa nguvu zaidi. Wakapanda juu ya paa kwa koti zao, wakauvuta waya, wakaugeuza mti huku na huku, wakavunja mabati mawili matatu. Mwingine alisema Wajapani wameziba njia. Hatimaye mwenyekiti akakumbuka maneno ya fundi. Labda udongo umekauka, akasema. Basi wakamwagilia zaidi. Kila redio ilivyozidi kupotea, ndivyo walivyozidi kunywa na kumwagilia, mpaka ukuta ukaota ukungu wa kijani na nzi wakahamia pale.

Jumamosi iliyofuata mama alisimama dirishani na leso yake nzuri. Ndani wanaume walikuwa wameizunguka redio, na redio inakwaruza. Nilimwona mama amefumba macho, anatafuta mtu ndani ya ile mikwaruzo. Hasira ikanipanda. Nikafunga kitambaa puani nikaenda nyuma.

Sitasema yote niliyoyaona. Fimbo ya shaba ilikuwa imevimba unga wa kijani kama mkate ulioharibika. Waya ulikuwa umeliwa na mkojo, umekatika, unaning'inia pembeni haujagusa kitu. Hapakuhitaji ufundi wowote. Mtu yeyote mwenye macho angeona, kama angeweza kusimama pale bila kutapika. Nilichukua jiwe nikakwangua ile fimbo mpaka shaba ikaonekana, nikaukandamiza waya juu yake kwa kidole gumba. Ndani ya ukumbi sauti ya mtu ikalipuka. Nikaachia, ikafa. Nikajaribu kuufunga kwa uzi wa kanga, ncha ikamomonyoka mkononi.

Nilimwita mwenyekiti, akaja mpaka pembeni ya ukuta, hakuongeza hatua.

"Mzee, hii waya inataka kushikwa. Mtu mmoja ashike tu mpaka salamu ziishe."

"Hapo ni pachafu, binti."

"Uchafu wa nani, Mzee?"

Akatazama juu, kwenye ule mti wa paa. Kisha akarudi ndani kwenye kiti chake. Hakutoka hata mmoja. Walikuwa wamekijaza kinyaa kile wenyewe, kwa miezi, kwa kicheko, na sasa kiliwashinda kukigusa.

Nikapiga magoti. Nilihisi ubaridi ukipenya gauni. Nikaukandamiza waya kwa kiganja chote, nikageuza uso, nikapumua kwa mdomo. Ukuta ulikuwa wa mawe, na pale nilipokuwa nilisikia mngurumo tu wa redio, si maneno. Muda ukapita. Halafu wanaume wakapiga kelele ya furaha, wakanyamaza, wakapiga tena. Nilijua ni yeye. Niliubana ule waya mpaka ukanichoma ngozi, na sikusikia neno lake hata moja.

Mama alinifuata huko nyuma. Aliingia mpaka ndani ya ile kona, na leso yake.

"Ni yeye," akasema. "Sauti imekuwa nzito. Ana kikohozi."

"Alisema nini?"

"Alisalimia kama inavyotakiwa. Baba zake wadogo, mchungaji, mwenyekiti, wazee wote wa kamati. Akafika kwa wajomba, muda ukaisha." Akakaza fundo la leso. "Mimi nilikuwa nafuata."

Kutoka mlangoni nilimsikia mwenyekiti akiwaambia wenzake kwamba ametajwa mpaka Burma, na mwingine akimjibu kwamba leo redio imemwagiliwa vizuri.

Niliuachia waya, nikaficha mkono nyuma ya gauni. Mama akaufuata huko huko, akautoa, akaushika kwa mikono yake miwili, umelowa vile vile na unanuka, akautikisa kama anavyotikiswa mkono mtu aliyetoka safari ya mbali.