Mchezo wa Bila Hodi

Wacha nikubali mapema, ucheke yaishe. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto, dereva wa boza la maji pale Kitengela, na kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa naenda porini kutafuta makopo. Mke wangu alinicheka kabla yako. "Wenzako wanatafuta ploti," alisema, "wewe unatafuta kopo."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Mtu anaficha kopo mahali, ndani anaweka vitu vidogo visivyo na thamani, kisha anatuma kwenye mtandao namba za mahali hapo. Mwingine, hata kama ni Mjerumani, anachukua hizo namba, anaziweka kwenye kifaa cha GPS na kuja kutafuta. Akipata, anatoa kitu, anaacha kitu, anarudisha kopo pale pale. Hakuna zawadi. Ukiniuliza faida nitakuambia hakuna, na nilikuwa na raha kuliko watu wengi wenye faida.

Aliyeniingiza ni rafiki yangu, saveya, mpima mashamba. Kitengela wakati huo ilikuwa inakatwakatwa kama nyama ya harusi, na saveya hakukosa kazi hata siku moja. Mimi nilimpelekea maji kwenye mashamba aliyokuwa akipima, tukazoeana, tukawa tunakula chapati na maharagwe kibanda kimoja. Alipopata GPS mpya akanipa ile kuukuu. Nilimpenda yule bwana. Nasema hivyo sasa ili ujue kitu gani kilivunjika.

Tulikuwa na sheria yetu, mimi na yeye, na yeye ndiye aliyenifundisha: hufichi kopo kwa ardhi ya mtu kabla hujabisha hodi, ukasalimia, ukanywa chai, na mwenyewe akafungua kopo akaona kilicho ndani kwa macho yake. Mtandao pia ulisema uombe ruhusa, lakini huko kwao ruhusa ni adabu tu. Kwetu Kajiado ni jambo lingine kabisa. Miaka ya tisini zile ranchi za pamoja ziligawanywa, kila boma likapata kipande chake na cheti chake, na kuuza kukaanza. Kuna watu waliamka asubuhi wakakuta waya umepita katikati ya malisho yao. Kwa hivyo mtu akisimama kwenye nyasi zako anaangalia kidude kwa mkono, hachezi. Amekuja kuchukua shamba. Na kitu kilichozikwa chini kikiwa na namba zake, hicho ni bikoni, jiwe la mpaka, uite kopo usiite.

Sasa Koko. Ndivyo nilivyomwita, kama Wamaasai wote wanavyomwita bibi wa umri huo. Alikuwa mjane, boma lake liko mbele kidogo ya mji wa Kajiado, mahali pameinuka hivi, ukisimama kwenye kona ya ua unaona tambarare yote mpaka Milima ya Ngong. Nilikuwa nikimletea maji kiangazi. Siku niliyomwomba nafasi ya kopo alilifungua, akatoa kalamu, gari la plastiki, ushanga, na kifungulio cha chupa.

"Na hii watu wazima wanatafutanga?"

"Watu wazima, Koko."

"Wazungu pia?"

"Hao ndio wengi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi Wakamba. Zamani mlikuwa mnatafuta ng'ombe zetu, sasa mmebakia na kopo." Kisha akaacha kucheka akaniambia neno la maana. Mume wake alipokufa, ndugu za huyo mume waliapa kwamba huyu mwanamke atauza. Wao walikuwa wanakaa mbali, upande wa Magadi, lakini masikio yao yalikuwa hapa. Alikubaliwa kuishi pale kwa sharti moja: asiuze hata hatua moja. Siku watakayosikia saveya amekanyaga pale, atarudishwa kwa kaka zake na kikapu chake, na uzee wote ule. "Kwa hivyo weka," alisema. "Lakini kila mtu apitie kwangu kwanza. Nimwone. Nikiulizwa nani alikuja, nijue kusema ni mgeni wangu."

Niliapa. Nikaandika kwenye mtandao: usitafute kitu kabla hujamsalimia bibi mwenye boma, yeye mwenyewe atakuonyesha pa kuanzia. Na watu walifuata, jameni! Walikuja rubani, walimu, bwana mmoja na mke wake kutoka Uholanzi. Walipiga hodi. Koko aliwafundisha kumsalimia kwa Kimaasai, wao waseme "Takwenya" naye aitikie "Iko," wakikosea wanarudia mpaka waseme vizuri. Wengi walinywa chai. Wengine walisahau hata kopo.

Halafu wenye mtandao wakaleta kitu kipya. Walikiita changamoto za mahali. Hakuna kopo tena, hakuna kuzika, hakuna mtu wa kukagua kama umeomba ruhusa. Yeyote anachagua mahali popote duniani, anaandika amri, kwa mfano simama hapa, ruka, piga picha na GPS yako mkononi, na ukituma picha unahesabiwa sawa na yule aliyetambaa kwenye miiba nusu siku.

Nilisoma hayo kwenye cyber ya Kitengela nikafikiri sijaelewa. Nilisoma tena. Ukumbi wa wachezaji huko mtandaoni ulikuwa umewaka moto. Watu waliokuwa wanaandikiana kwa upole, leo wanatukanana. Mmoja alisema ameficha makopo kwa miaka na sasa ameambiwa kazi yake ni takataka. Mwingine akajibu wazee waache kulia, mchezo unakua. Kuna mama mmoja wa ng'ambo aliyeandika kwamba anahisi kama aliyerudi nyumbani akakuta vitu vyake nje. Huyo nilimwelewa. Hawakutuuliza. Sisi ndio tuliotembea, sisi ndio tulioonyesha watu adabu, halafu mtu ameketi kwa ofisi huko anaamua adabu si lazima.

Hasira hiyo ningeimeza. Kampuni ni kampuni, na ukipenda kitu cha mtu ujue ni cha mtu. Kilichonikaba ni kingine.

Mwezi haukuisha Koko akaniambia kuna watu wanakuja na hawaingii. Wanasimamisha gari, wanakwenda kwenye kona ya ua, wananyoosha mkono wenye kidude, wanacheka, wanapigana picha, wanaondoka. Yeye anatoka kuwasalimia, anainua mkono, nao wanampungia kama anayeaga. "Hawa si wageni wangu," alisema. "Hawa ni nani?"

Nilikwenda cyber siku hiyo hiyo. Nikatafuta. Na hapo ilikuwa: changamoto, Kajiado, boma la Kimaasai lenye mandhari nzuri. Simama juu ya jiwe la kona, onyesha namba, piga picha. Jina la aliyeiweka lilikuwa la rafiki yangu saveya.

Jiwe la kona! Unajua ni jiwe gani hilo? Ni bikoni ya shamba la Koko. Kati ya wachezaji wote wa Kenya, mtu mmoja tu alijua namba zake barabara, kwa sababu ni kazi yake.

Nilimkuta kibandani. Sikuketi.

"Mchezo gani unachezwa kwa bikoni ya mtu?"

"Aah, bana, tulia. Ni view. Watu wanapenda view." Alikuwa anamenya yai la kuchemsha, sahani ya maharagwe mbele yake. "Nimeweka nyingi. Sasa mimi ndiye wa kwanza Kenya nzima, umeona?"

"Ulimwuliza Koko?"

"Kuuliza nini? Sijazika kitu. Hiyo ndiyo poa ya hii kitu mpya, hakuna kuulizana."

Nilimkumbusha yote, mume aliyekufa, mashemeji, kile kikapu. Alijua, kwa sababu nilimweleza mwenyewe. Alikubali kwa kichwa akiendelea kumenya. Mwisho akasema ataiondoa, lakini siyo wiki hii, kwa sababu kuna wageni wameahidi kwenda na angependa wahesabiwe. Nilitaka kumwaga maharagwe yake. Sikuyamwaga, na mpaka leo mkono unaniwasha.

Wageni walienda. Na kwa sababu walikuwa watu wema, walisafisha picha wakaiacha dukani Kajiado iwe zawadi ya bibi. Mwenye duka, naye mtu mwema, akampa shemeji wa bibi aliyekuwa ameshuka sokoni. Wema wa watu wakati mwingine, wacha tu.

Shemeji huyo alinisimamisha barabarani. Alikuwa na heshima. Akasema Jumamosi kuna kikao cha familia kuhusu picha hiyo, na mtu wa maji anatakiwa, maana inasemekana watu wa kidude walianza kuja kupitia kwake. Kusema kweli nilifurahi. Nilijiambia nitaeleza, na saveya atakuwa kando yangu aseme kwa kinywa chake kwamba hakuna shamba lililopimwa. Nani angeaminika kuliko yeye? Nilimpigia akakubali. Jumamosi asubuhi nikamngoja na lori linanguruma. Nilipompigia tena akasema, "Mzee, mimi nikionekana hapo ndiyo watasema nimepima kweli. Nitaharibu jina na kazi. Wewe elezea tu, wewe wanakujua." Akakata.

Nilienda peke yangu.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki kando ya ghala. Koko alikuwa mlangoni kwake, amesimama. Nilimsalimia kama siku zote, akaitikia chini chini bila kuniangalia. Shemeji mkubwa akanipa ile picha. Mzungu anatabasamu, mguu mmoja juu ya bikoni, GPS imeinuliwa. Nyuma yake, Koko, mkono juu. Alikuwa anasalimia. Lakini kwenye picha ungeapa anaonyesha mpaka.

"Hiki anashika ni nini?"

"GPS, mzee."

"Ya kupimia shamba?"

"Inaweza. Lakini hapa ni mchezo."

"Mchezo," akarudia. Mmoja akacheka bila raha. "Mchezo gani unachezwa kwa bikoni ya mtu?"

Maneno yale yale niliyomwambia rafiki yangu. Nikajaribu na kopo. Nikaeleza kwamba kuna kopo kando ya ua, limezikwa, lina ushanga na gari la mtoto, nikalifukue waone? Woi, kila neno lilinizamisha zaidi. Kumbe kuna kitu kimezikwa pia! Waliangaliana.

Shemeji mkubwa akamgeukia Koko, akauliza kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Mama, hiyo kitu ilizikwa hapa, ni wewe ulikubali?"

Swali lilikuwa hilo tu. Akisema ndiyo, basi alimruhusu mtu mwenye kifaa cha saveya kuzika kitu kwenye mpaka wa shamba la ndugu yao marehemu, na hakuna hadithi ya mchezo ingemwokoa. Nilijua hivyo, na bado nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka mtu mmoja duniani aseme kwamba mimi niliuliza.

"Mimi sijui," Koko akasema. "Huyu mtu wa maji aliweka mwenyewe. Hakuniuliza."

Huyu mtu wa maji. Mimi, niliyekunywa chai yake, niliyechekwa naye kwa Ukamba wangu. Mtandao ulinitupa, rafiki akanitupa, na sasa hata yeye. Nilifungua mdomo nimwambie mbele ya ukoo wote kwamba anasema uongo.

Ndipo akaniangalia, mara ya kwanza siku ile. Hakuwa anaomba. Alikuwa anangoja tu, mzee wa watu, ameshika mwimo wa mlango wa nyumba yake kwa mikono miwili.

"Ni kweli?" shemeji akaniuliza.

"Ni kweli, wazee," nikasema. "Niliingia tu. Sikupiga hodi."