Mwanafunzi wa Dawati la Nyuma

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, hakuwa mtu wa kusimama mlangoni kukagua. Aliingia darasani kimyakimya, akavua viatu vya kisigino, akajibana kwenye dawati la nyuma katikati ya watoto, magoti yakigusa meza, vidole vyenye madoa ya wino vikipigapiga shavu. Sauti yake nzito, iliyozoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja, humo ndani aliishusha ikawa ya kunong'ona. Mwalimu mpya wa hesabu, kijana mdogo, alipomwona asubuhi ile, alidondosha chaki. Tangu aanze kazi darasa lake lilikuwa limepooza, na moyoni alishakata shauri kuacha.

Alikuwa ameandika ubaoni kwamba nusu ukigawanya kwa robo unapata mbili, watoto wakinakili tu, mara mkono wa mama yule ukainuka. "Samahani, mwalimu. Mbona tumegawanya na jibu limekuwa kubwa?" Darasa zima likageuka. Kijana akababaika, kisha akachana karatasi katikati, akainua nusu moja. "Haya, robo ngapi zinaingia humu?" Watoto wakaanza kuchana na kukunja za kwao, wakagombea kwenda ubaoni, naye akajikuta anacheka huku jasho linamtiririka.

Nje, mwalimu mkuu alimshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Hilo nimelikariri tangu utotoni, leo ndio nimelielewa." Kijana alidhani anataniwa, akamtazama usoni, akaona hataniwi. "Kesho nakuja tena," mama akasema, "unifundishe na theluthi." Kijana akaenda mbio stoo kuomba karatasi zaidi.