Mti Ambao Gladwell Hakuruhusiwa Kupanda

Marehemu wote wa sehemu zetu huwa na wasifu mmoja. Huzaliwa, hubatizwa, husoma hadi karo ilipokatika, huoa, hupata watoto, kisha huugua kwa muda mfupi na kulala kwa amani. Ukibadilisha jina na picha ya jalada unaweza kumzika mtu yeyote kwa karatasi hiyo. Gladwell alikuwa ameusikia wasifu wa namna hiyo tangu utotoni, na sasa kamati ya mazishi ilikuwa imemletea mwingine, umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili za daftari, aupeleke Mikinduri ukachapishwe. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba baba yake, Mzee Runji, "aliugua kwa muda mfupi," aliikunja ile karatasi na hakuifungua tena.

Baba yake hakuugua hata mafua. Alianguka kutoka kwenye mti wa miraa akiwa na miaka sabini na mmoja, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na Gladwell alikuwa amesimama chini ya mti huo akimtazama.

Basi akaketi kuandika yeye mwenyewe. Kamati ilitaka heshima. Yeye alitaka ukweli, na alikuwa na hasira. Alijua kwamba yatakayosomwa kando ya kaburi ndiyo yatakayobaki. Watu kama Runji hawaandikwi magazetini. Huandikwa mara moja tu, na anayeandika akikosea, basi.

Alianza na yale mepesi. Runji alizaliwa mwaka ambao mama yake aliukumbuka kwa sababu ya nzige. Alisoma hadi darasa la nne, akaenda Embu kuchonga mawe, na baada ya miaka sita akarudi na nyundo mbili na suti moja ya kijivu. Akamwoa Ciakuthii. Walijaliwa wasichana watatu, na hapo ndipo midomo ya watu ilipofunguka. Ndugu zake walikuja kumshauri aongeze mke, apatikane mvulana wa kurithi miti. Runji aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, akawauliza habari za ng'ombe wao. Walikuja mara kumi, wakanywa chai mara kumi, mwishowe wakachoka.

Hakuwa mtu wa maneno. Bomba la maji la kijiji lilipopasuka hakungoja mkutano. Alikunja suruali akaingia kwenye tope, na wanakamati wa maji walipofika na daftari lao walikuta maji yanapita. Choo cha shule ya chekechea ni yeye aliyekijenga, na hakuna anayekumbuka kama aliombwa. Kukiwa na msiba alitangulia kufika na jembe lake na kula alikula mwisho. Gladwell alipoachana na mumewe wa Kianjai, akarudi nyumbani na begi moja, alikuwa amejiandaa kwa maswali. Hakuulizwa hata moja. Asubuhi yake alimkuta baba yake nyuma ya zizi, ameshika kamba na vigingi, anampimia mahali pa kujenga nyumba.

Hayo yote Gladwell aliyaandika huku machozi yakimlenga. Kisha akafika kwenye mti, na machozi yakakauka.

Runji alikuwa na miti minne ya mbaine, yaani ile miraa mikongwe, iliyopandwa na babu yake. Sasa, sehemu hizo mwanamke hapandi mti wa miraa. Atapalilia chini yake, atachambua vijiti, atavifunga kwa majani ya mgomba, atabeba gunia mgongoni mpaka barabarani, na hayo yote hayana mwiko. Lakini mguu wake usikanyage tawi. Wanasema mti utakauka. Ni nani aliyewahi kuuona umekauka? Ukiuliza utaambiwa unakosa adabu.

Kwa miaka mingi mchumaji wao alikuwa Kinoti. Kinoti akanunua pikipiki akaacha kupanda miti, na wachumaji wengine walikuwa wamevutwa na mashamba makubwa. Majuma matatu yalipita bila mtu kuja. Miraa nayo haina subira. Siku zake zikipita inakuwa ngumu kama kuni na hakuna anayeitaka. Alhamisi hiyo mnunuzi alisema pikapu yake ingeondoka Mikinduri saa saba. Gladwell alijifunga leso kiunoni.

"Baba, wacha nipande mimi," alisema. "Niko na nguvu, na hapa hakuna mtu anatuona."

Runji hakumtazama. "Hakuna mwanamke atapanda huu mti nikiwa hai," alisema. Alisema polepole, kama mtu anayekariri. Kisha akavua akala zake, zile ndara za tairi, akaziweka sambamba chini ya shina, akapanda.

Tawi lililovunjika halikuwa la juu sana. Majirani walimfikisha barabarani akiwa bado anapumua, lakini hospitalini alifika maiti.

Gladwell aliandika kila kitu, pamoja na maneno yale ya baba yake jinsi alivyoyatamka. Chini yake akaongeza: "Baba yetu aliona heri avunjike shingo kuliko binti yake aguse mti. Alitupenda, lakini mila aliipenda zaidi." Alisoma sentensi hiyo mara mbili na kuridhika nayo, jinsi mtu anavyoridhika akikwangua kidonda. Hakumwonyesha mtu. Kijana wa kuchapisha pale Mikinduri alimwangalia mara moja, akarudi kwenye kompyuta yake. Nakala mia mbili.

Mazishi yalikuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Turubai zilifungwa tangu asubuhi, viti vya plastiki vikaletwa kutoka kanisani, na watu wakajaa mpaka kwenye migomba, maana hakuna boma pale ambalo Runji hakulichimbia kitu au kulijengea kitu. Misa ilipokwisha, Gladwell akaitwa asome. Alisoma kwa sauti kavu, bila kutetemeka. Kwenye habari za chai watu walicheka, kwenye bomba wakatikisa vichwa. Alipofika kwenye mti, kicheko kilikufa. Shangazi yake mmoja alijifunika uso kwa leso. Gladwell alisoma mpaka nukta ya mwisho, akakunja karatasi, akarudi kuketi kando ya mama yake. Ciakuthii alikuwa anaangalia jeneza, na mikono yake ilikuwa imelegea mapajani.

Mshereheshaji alikuwa tayari anaomba kwaya iimbe. Lakini Mzee Kaburu alikuwa amekwisha kusimama. Kaburu ni wa rika la Runji. Walitahiriwa mwaka mmoja, na katika wazee wa rika hilo yeye ndiye mwenye sauti. Alipewa maiki akaikataa kwa mkono.

"Huyu mtoto amesema yale aliona," alisema. "Simlaumu. Lakini kuna mahali yeye hakuwa. Mwezi wa tatu Runji alikuja kwangu, tukiwa tumekaa wazee wa rika. Alikuwa amevaa ile suti ya Embu. Akasema, 'Mimi sina kijana, niko na Gladwell, na huku hakuna kijana anajua miraa kama yeye. Nipeni ruhusa apande.' Tulicheka. Tulimcheka sana."

Mtoto mchanga alilia mahali fulani nyuma na kunyamazishwa.

"Akarudi mara ya pili, na mbuzi. Mbuzi tukala. Na tukakataa. Tukamwambia akipandisha mwanamke asikanyage kwetu tena, na siku atakufa hakuna wa rika lake atashika jembe. Tukamwapisha mbele ya watu. Hayo maneno Gladwell amesoma hapa, ya hakuna mwanamke atapanda nikiwa hai, si ya Runji. Ni sisi tulimwekea mdomoni. Hiyo ni maneno yetu."

Akaketi, na kiti kikalia. Wazee wengine wa rika walikuwa wanaangalia fimbo zao.

Gladwell aliinuka akamwendea mshereheshaji. "Nipe maiki kidogo. Nataka kusema kitu kimoja tu."

"Dada yangu, saa imeenda," mshereheshaji alimnong'oneza. "Unaona hilo wingu? Padre anataka tuzike kabla ya mvua."

Na kweli wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vilima vya Nyambene. Wabebaji waliinua jeneza, kwaya ikaanza, watu wakasukumana kuelekea kaburini. Gladwell alifuata kwa kusukumwa. Alipopewa udongo wa kumwagia baba yake, alisema, "Baba, nisamehe, sikujua," lakini nyimbo zilikuwa juu, na hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Kisha majembe ya wazee wa rika yakaanza kazi. Walifukia kwa bidii, wote, bila kupokezana, mpaka mvua ikawakuta.

Jioni wageni walipokwisha, wengi wao wakiwa na vijitabu vyao mfukoni kwa sababu picha ya Runji ilikuwa imetoka vizuri, Gladwell aliingia jikoni. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, viatu vya matope bado miguuni.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Huyo mbuzi alikuwa wangu."

Gladwell alikaa chini, sakafuni. "Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaanza kutumaini, na wazee wakikataa tena utaumia bure. Alikuwa anataka kuwaendea mara ya tatu. Tulikuwa tunamnonesha mbuzi mwingine."

Nje mvua ilikuwa inapiga turubai ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifungua. Gladwell alitaka kulia, na kilio hakikuja. Kilichokuja ni ile sentensi yake, nakala mia mbili, ikisomwa sasa hivi katika nyumba za watu kuanzia hapo mpaka Mikinduri.

"Nimemsema vibaya mbele ya watu wote, Mama. Akiwa amelala pale."

Ciakuthii alisukuma ukuni ndani ya moto. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa zito.

"Juma nzima ulikuwa kwa meza ukiandika juu yake," alisema. "Na mimi nilikuwa hapa tu jikoni, Gladwell. Hukuniuliza."